Hesabu ya Majuma Sabini

Yapata mwaka 204 baada ya kuzaliwa Masihi, mwanachuoni mmoja wa Kikristo aliyeitwa Hippolytus alikuwa akiandika tafsiri ya kitabu cha nabii Danieli, fungu kwa fungu, na tafsiri hiyo ndiyo kongwe kuliko zote za Wakristo juu ya kitabu cha Biblia zilizosalia hata leo. Alipofika mahali pa kunena habari za mwisho wa dunia aliiweka kando elimu yake kwa kitambo, akasimulia mambo mawili yaliyotukia katika zama zake mwenyewe.

Kisa cha kwanza kilikuwa cha nchi ya Shamu. Kiongozi mmoja wa kanisa huko, ambaye hakuwa na bidii ya kuyachungua maandiko, aliwashawishi ndugu wengi watoke pamoja na wake zao na watoto wao waende jangwani kumlaki Kristo. Wakatoka, wakatangatanga milimani na njiani wasijue waendako, hata liwali wa nchi akawadhania kuwa ni genge la wanyang'anyi, akakaribia kuwakamata na kuwaua. Na kama si mkewe liwali, aliyekuwa mwanamke mwenye imani, kuituliza hasira ya mumewe, safari ile ya kumlaki Mwokozi ingaliishia upangani.

Kisa cha pili kilitoka Ponto, kando ya Bahari Nyeusi. Kiongozi wa kanisa la huko alikuwa mcha Mungu na mnyenyekevu, lakini alizitegemea ndoto zake kuliko maandiko. Aliota ndoto ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kisha akaanza kuwatabiria ndugu zake, na mwishowe akawaambia kwamba hukumu itakuja baada ya mwaka mmoja, na isipokuja, basi wasiyaamini tena maandiko, na kila mtu afanye apendalo. Hofu ikawaingia. Wakalia na kuomba usiku na mchana, wakayaacha makonde yao yakawa ukiwa, na wengi wakauza walichokuwa nacho. Mwaka ukapita kama miaka mingine ipitavyo. Kiongozi akatahayari, mabikira wakaolewa, wanaume wakarudi kulima, na wale waliouza mali zao kwa papara wakaonekana baadaye wakiomba sadaka.

Ili tufahamu jinsi watu wenye akili timamu walivyofikia kuacha mashamba yao kwa ajili ya siku ambayo hakuna aliyepewa habari zake, yatupasa turudi nyuma miaka mingi kabla ya Hippolytus, hata kwenye chemchemi ya hesabu zote hizo. Nabii Yeremia aliwaambia watu wa Yuda kwamba utumwa wa Babeli utadumu miaka 70. Utumwa ulikwisha, watu wakarejea, Hekalu likajengwa upya, lakini utukufu uliotarajiwa haukuonekana. Wafalme wa kigeni waliendelea kutawala, mmoja akimrithi mwingine. Ndipo katika sura ya tisa ya kitabu cha Danieli tunamkuta nabii akiyatafakari maneno yale ya Yeremia, na malaika Jibrili akimjia na ufafanuzi, kwamba miaka 70 ile ni majuma 70. Na kwa kuwa wafasiri waliona kila siku ya juma kuwa ni mwaka mmoja, jumla ikawa miaka 490. Ndani ya muda huo, asema malaika, mji utajengwa tena, atatokea mpakwa mafuta naye atakatiliwa mbali, na sadaka itakomeshwa.

Basi hapo ndipo ulipofunguliwa mlango ambao haukupata kufungwa tena. Hesabu yaanza tangu lilipotoka neno la kuujenga upya Yerusalemu. Lakini neno lipi? Ni amri ya Mfalme Koreshi ya mwaka 538 kabla ya Masihi, au ni ile ruhusa aliyopewa Nehemia na Artashasta katika mwaka wa 20 wa kutawala kwake, yaani karibu mwaka 445? Na mpakwa mafuta ni nani: mfalme, kuhani, au mwokozi wa siku za mwisho? Ajaye na hofu yake aliweza kuuanzisha mwaka wa kwanza pale alipopenda, ili mwaka wa mwisho uangukie siku zake.

Wanachuoni wengi wa leo wanaona kwamba kitabu hicho kilipata umbo lake katika dhiki ya Mfalme Antiochus wa Nne, ambaye mwaka 167 kabla ya Masihi alilinajisi Hekalu na kuipiga marufuku ibada ya Mayahudi, hata Yuda Makabayo na wenzake wakaasi na kulitakasa mwaka 164. Wala rai hiyo si ya jana. Katika karne ya tatu mwanafalsafa Porphyry, adui mkubwa wa Wakristo, alishikilia kwamba mwandishi wa kitabu hicho aliishi zama za Antiochus, akasimulia yaliyokwisha kupita kana kwamba yanakuja. Wakristo walimjibu kwa vitabu vizima, kwa maana walijua kwamba akiachiwa Danieli, amepata na zaidi ya Danieli.

Warumi walipoingia Yerusalemu chini ya Pompey, mwaka 63 kabla ya Masihi, tumaini lile lilichemka upya. Jina lenyewe Masihi lina maana ya aliyepakwa mafuta, na wafalme na makuhani wa Israeli walipakwa mafuta walipotawazwa. Kwa hiyo haikuwa ajabu watu kumtazamia kila mmoja kwa namna yake. Magombo yaliyoanza kuonekana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yametuonyesha jamaa ya Mayahudi waliojitenga na watu, wakiwangojea masihi wawili, mmoja wa Haruni na mmoja wa Israeli, yaani kuhani na mfalme. Wengine walimngojea mwana wa Daudi atakayeshika upanga, na wengine walimngojea yule aliyefanana na mwanadamu ambaye Danieli alimwona akija na mawingu. Mwanahistoria Josephus atusimulia habari za Theudas, aliyewaongoza watu na mizigo yao hadi mto Yordani akiwaahidi kwamba maji yatagawanyika kwa amri yake; liwali Mrumi akatuma wapanda farasi, na kichwa cha Theudas kikaletwa Yerusalemu.

Katika ulimwengu huo ndipo Yesu wa Nazareti alipohubiri kwamba ufalme wa Mungu umekaribia, na ndipo aliposulubiwa kwa amri ya Pontio Pilato, yapata mwaka 30. Kwa wengi habari yake ilikwisha pale, maana masihi aliyetundikwa mtini ni neno linalojipinga lenyewe. Lakini wanafunzi wake walishuhudia kwamba amefufuka, na kwa ushuhuda huo wakayarudia maandiko waliyoyajua tangu utoto, wakaanza kuyasoma kwa kuanzia mwisho: tukio kwanza, kisha utabiri. Katika Isaya walimwona mtumishi ateswaye kwa makosa ya wengine, na katika Zaburi walimwona mwenye haki anayelia huku adui wakigawana nguo zake, nao wakasema kwamba wote hao ni mmoja, naye ni yule waliyekula naye.

Namna hiyo ya kusoma ilizua mabishano, na mfano wake mwema umo katika kitabu cha Justin, mzaliwa wa nchi ya Samaria, aliyeandika yapata mwaka 160 mazungumzo yake na Myahudi aitwaye Trypho. Walibishana sana juu ya neno moja la Isaya sura ya saba. Kiebrania kina neno almah, yaani mwanamwali. Tafsiri ya kale ya Kiyunani iliweka parthenos, yaani bikira, na neno hilo ndilo alilolifuata Mathayo katika Injili yake, ndilo pia tulionalo katika Biblia yetu ya Kiswahili. Trypho alisema kwamba andiko linamhusu mwanamke kijana wa zamani zile, na mtoto anayetajwa ni Mfalme Hezekia. Justin akajibu kwamba kijana kuzaa ni jambo la kila siku, haliwezi kuwa ishara. Yafaa kumsifu mwandishi kwa jambo moja: katika kitabu chake wawili hao hawakukubaliana, na bado waliagana kwa heri.

Lakini kama Masihi amekwisha kuja, mbona dunia ingali vile vile? Swali hili ndilo lililozaa nusu ya pili ya tumaini la Wakristo, yaani marejeo yake. Barua ya kwanza ya Paulo kwa Wathesalonike, iliyoandikwa yapata mwaka 50, na ambayo wengi wanaihesabu kuwa andiko kongwe la Agano Jipya, inatuonyesha kanisa changa lililofadhaika kwa msiba: baadhi ya ndugu wamefariki kabla Bwana hajarudi, na waliobaki wauliza kama wafu wao watakosa karamu. Paulo aliwafariji kwamba wafu watatangulia kufufuka, akajitia yeye mwenyewe katika jumla ya watakaokuwa hai siku hiyo. Na katika barua ya pili kwa kanisa hilo hilo tunasikia habari za watu walioacha kufanya kazi wakawa wanazurura tu, na agizo kwamba asiyetaka kazi asipewe chakula. Wafasiri wengi wanaona kwamba uvivu ule ulitokana na kuingojea siku. Ponto ilikuwa na kaka yake Thesalonike.

Mwaka 40 hivi Kaisari Caligula aliamuru sanamu yake isimamishwe ndani ya Hekalu la Yerusalemu. Petronius, liwali wa Shamu, alipoona maelfu ya Mayahudi wako tayari kufa kuliko kukubali, alichelewesha kazi kwa hila na udhuru, na Kaisari akauawa Januari mwaka 41 kabla amri haijatimizwa. Hatari ilipita, lakini kila aliyeyajua maneno ya Danieli juu ya chukizo litakalowekwa mahali patakatifu alikuwa ameliona likifika mlangoni. Injili ya Marko, katika sura ya 13, yalitaja chukizo hilo kisha yamwambia msomaji akaze akili, bila ya kufafanua zaidi. Mwaka 66 vita vya Mayahudi na Warumi vikazuka, na mwaka 70 majeshi ya Titus yakaliteketeza Hekalu. Ndipo tunapoifungua Injili ya Luka, ambayo kwa rai ya wanachuoni wengi iliandikwa baada ya moto huo, tukaona kwamba pale pale Marko alipolitaja chukizo, Luka ataja mji uliozungukwa na majeshi, tena aweka mbele zamani za mataifa ambazo hazina budi kutimia kwanza. Fumbo limegeuka kuwa historia, na mwisho umesogezwa mbele kidogo.

Kusogea huko hakukuwapendeza wote. Waraka wa pili wa Petro wawataja wenye dhihaka wanaouliza iko wapi ahadi ya kuja kwake, maana baba zetu wamelala na mambo yako kama yalivyokuwa. Nao unajibu kwa kukumbusha kwamba kwa Mungu siku moja na miaka elfu ni mamoja. Jawabu hilo lilitolewa ili kuwatuliza watu, lakini wahesabuji walilipokea kama ufunguo mpya. Ikiwa dunia iliumbwa kwa siku sita, na siku moja ni miaka elfu, basi dunia itadumu miaka 6000, na milenia ya saba itakuwa sabato ya watakatifu.

Wakati huo Ufunuo wa Yohana ulikuwa umekwisha kuenea. Irenaeus, askofu wa Lyon, aliyeandika yapata mwaka 180, asema kwamba ulionekana kisiwani Patmo kwenye mwisho wa utawala wa Kaisari Domitian, yaani karibu mwaka 95. Kitabu hicho kilimpa mnyama hesabu ya 666, na wajuao abjadi, ambayo wanajimu wa pwani yetu waliitumia tangu zamani, watafahamu upesi mchezo wenyewe: jina Nero Kaisari, likiandikwa kwa herufi za Kiebrania kama Neron Qesar, lina nuni 50, re 200, wau 6, nuni 50, qafu 100, samekhi 60 na re 200, jumla 666, na ukiiondoa nuni ya mwisho, kama Warumi walivyolitamka jina, yabaki 616. Na kweli nakala nyingine za kale zina 616. Irenaeus alizijua, akawalaumu wanakili. Alijaribu mwenyewe majina matatu ya Kiyunani yanayofikia jumla ile, kisha akajizuia, akasema ni salama zaidi kungoja utabiri utimie kuliko kubahatisha jina, kwa kuwa kama ingalikuwa lazima tulijue, aliyeyaona maono angalilitaja.

Bahati mbaya si wote waliokuwa na ustahimilivu wa Irenaeus. Hata kabla yake, miaka 132 hadi 135, Mayahudi walimfuata Simon bar Kosiba, aliyeitwa Bar Kokhba, yaani mwana wa nyota, kwa sababu ya nyota ya Yakobo inayotajwa katika kitabu cha Hesabu. Mapokeo yasema kwamba Rabi Akiba mwenyewe alimkiri kuwa ndiye masihi. Vita vyake viliangamiza nchi ya Uyahudi, na Kaisari Hadrian akaujenga Yerusalemu kuwa mji wa Kirumi, Aelia Capitolina. Huko Frigia nako, katika nusu ya pili ya karne ile, Montanus na manabii wake wa kike Priscilla na Maximilla waliitukuza Pepuza kuwa Yerusalemu, na Maximilla akasema kwamba baada yake hapana nabii tena, ila mwisho. Akafa, na mwisho haukuja.

Yaliyotokea Arsinoe, Misri, katikati ya karne ya tatu, yanastahili kukumbukwa zaidi kuliko fitina hizo. Askofu wa huko, Nepos, alikuwa ametunga kitabu cha kuwapinga wote walioufasiri Ufunuo kwa majazi, akifundisha kwamba ufalme wa miaka elfu utakuwa hapa hapa duniani, pamoja na starehe za mwili. Alikwisha kufariki, lakini kitabu chake kilisomwa vijijini kana kwamba ni siri kuu, na makanisa mazima yakajitenga. Dionysius, askofu wa Iskandaria, hakumtolea mtu laana. Alikwenda Arsinoe, akawakusanya makasisi na walimu wa vijiji pamoja na ndugu wote waliopenda kuhudhuria, akaketi nao siku tatu mfululizo, asubuhi hata jioni, wakikipitia kitabu kile neno kwa neno. Alimtaja marehemu kwa heshima, akimsifu kwa imani yake na kwa nyimbo zake ambazo ndugu wangali wakizipenda. Baadaye aliandika kwamba alifurahishwa na wasikilizaji wake: waliuliza kwa taratibu, waliposhindwa katika hoja hawakuona haya kubadili mawazo, na hatimaye Coracion, kiongozi wa mafundisho yale, alikiri mbele ya wote kwamba hatayafundisha tena. Dionysius huyo huyo, kwa kulinganisha Kiyunani cha Ufunuo na Kiyunani cha Injili ya Yohana, alionyesha kwamba vitabu hivyo havikuandikwa na mkono mmoja. Na hata hivyo hakuthubutu kuutupa Ufunuo, akisema kwamba asilolifahamu huliheshimu.

Sasa na turudi kwa Hippolytus, tuliyemwacha akiwasikitikia watu wa Ponto. Baada ya kuwalaumu walioota tarehe, yeye naye alikunja vidole akahesabu. Alilitazama sanduku la agano, ambalo urefu wake ulikuwa dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, na kimo dhiraa moja na nusu, jumla dhiraa tano na nusu. Akasema kwamba hiyo ni ishara ya miaka 5500 tangu kuumbwa Adamu hadi kuzaliwa Masihi. Kwa kuwa dunia itadumu miaka 6000, imebaki miaka 500, na tangu siku zake yeye bado karibu miaka 300. Msomaji aweza kucheka, lakini na aitazame nia: tarehe hii iliwekwa mbali makusudi, ili mkulima aliyetishwa na ndoto arudi kondeni akapande, maana hata wajukuu wa wajukuu wake hawatauona mwaka huo. Hippolytus alitibu homa ya hesabu kwa hesabu.

Wengine walifuata. Julius Africanus, aliyekamilisha tarehe zake za dunia yapata mwaka 221, aliyahesabu majuma 70 tangu mwaka wa 20 wa Artashasta hadi Tiberio Kaisari, akapata miaka 475 tu; na kwa kuwa ilipungua 15, alieleza kwamba malaika alihesabu kwa miaka ya mwezi mwandamo, ambayo ni mifupi, hivyo 475 ya jua ni sawa na 490 ya mwezi. Apollinaris wa Laodikia aliianza hesabu wakati wa kuzaliwa Masihi, akauona mwisho kuwa karibu na mwaka 490. Jerome, alipoandika tafsiri yake ya Danieli mwaka 407, aliziorodhesha rai hizo moja baada ya moja, kisha akamwachia msomaji achague, akisema ni hatari kuwahukumu walimu wa kanisa. Katika orodha ile ndefu, ambayo kila hesabu yake ni sahihi kwa mwenyewe na hakuna mbili zinazolingana, mna hoja yenye nguvu kuliko karipio lolote.

Mwaka 410, tarehe 24 Agosti, Wagothi wa Alaric waliingia Rumi wakaiteka nyara siku tatu. Mji ambao wengi waliuona kuwa ndio nguzo inayoizuia siku ya mwisho ulikuwa umeanguka, na dhiraa za Hippolytus zilikuwa zimebakiza chini ya karne moja. Dawa ya zamani ikaanza kuwa sumu. Karibu mwaka 418 Hesychius, askofu wa Salona huko Dalmatia, alimwandikia Augustine wa Hippo, Afrika ya Kaskazini, akitaka amfasirie majuma ya Danieli na dalili za wakati. Augustine, ambaye aliwahi kuiamini milenia ya duniani kisha akaiacha, alikuwa akikiandika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, ambamo miaka elfu ya Ufunuo imekuwa ni zama zote za Kanisa, na wahesabuji wanaambiwa wavifungue vidole vyao, kwa kuwa Bwana mwenyewe alikataa kuzitaja nyakati.

Jawabu lake kwa Hesychius lilikuwa refu na la upole. Alimpigia mfano wa watumishi watatu wanaompenda bwana wao kwa pamoja na kumngoja. Wa kwanza asema tukeshe, maana bwana aja upesi. Wa pili asema tukeshe, maana maisha ni mafupi, ingawa bwana atakawia. Wa tatu asema tukeshe, maana siijui saa. Wa kwanza akikosea, watu watadhani kwamba bwana haji kabisa. Wa pili akikosea, kosa lake litakuwa furaha. Wa tatu ayatamani maneno ya kwanza, ayavumilia ya pili, wala hakosei popote, kwa sababu hakuthibitisha wala hakukana. Augustine alipenda kuwa huyo wa tatu.

Mwaka 500 ulifika, na wa 501 ukaufuata. Hapana andiko lililofutwa katika Danieli wala katika Ufunuo kwa sababu hiyo, na Wakristo wangali wakikiri kila Jumapili kwamba atakuja tena. Warumi walihesabu kwa kukunja vidole, na mkono uliokunjwa hauwezi kushika jembe; hilo watu wa Ponto walikuwa wamekwisha kulijua miaka 300 kabla, siku walipoyarudia makonde yao na kuyakuta yameingia mwitu.